Siku uliyoipenda kazi ni ipi?

Jumapili jioni. Kesho zamu ni yangu, andalio la somo liko tayari, lakini mawazo bado yako ofisini tulikobaki Ijumaa.

Tulikuwa watano tukisahihisha majaribio ya nusu muhula, mvua inapiga bati hadi hatusikilizani. Ilipopungua nikawauliza wenzangu swali nililolikuta kwenye masomo yangu ya uongozi wa elimu: kumbuka siku uliyoipenda kazi hii kuliko siku zote, kisha kumbuka siku uliyoichukia.

Mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake waliwauliza hivyo wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, wakachapisha majibu mwaka 1959. Waligundua kwamba kinachomfurahisha mtu kazini ni kingine, na kinachomuudhi ni kingine. Mshahara, usimamizi na mazingira vikiwa vibovu vinaudhi. Vikirekebishwa, maudhi yanaondoka, basi. Furaha inatoka kwenye kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu.

Mwalimu wa hisabati alisimulia mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake kila somo la sehemu likifika, hadi siku alipoinuka mwenyewe akaomba chaki. Madam wa darasa la kwanza, mwenye watoto 112, alimtaja binti aliyeanza shule hajawahi kushika penseli. Mwezi Juni akasoma "baba analima" bila kusaidiwa. "Nilitoka nje nikalia," Madam alisema, na nusura alie tena. Hakuna aliyetaja tarehe ya mshahara.

Siku mbaya zilikuja haraka zaidi. Nyumba inayovuja. Likizo bila nauli. Halafu mmoja akaikumbusha siku mgeni kutoka wilayani alipomfokea mwenzetu mbele ya darasa kwa sababu ya daftari la mahudhurio, na ofisi ikanyamaza, maana wote tulikuwepo na hakuna aliyefungua mdomo. Mwenzetu yule alikuwa akibaki na darasa la saba kila jioni, bila posho. Tangu siku ile kengele ya mwisho ikilia anabeba mkoba wake. Simlaumu hata kidogo.

Siku yangu mbaya ni ya kupanda daraja la mshahara. Niliomaliza nao chuo walipanda, jina langu halikuwemo. Nilifunga safari ya halmashauri mara tatu, bodaboda kisha basi, na mara ya tatu nikaambiwa na mtu asiyeinua macho kwamba faili langu halionekani. Lilionekana mwaka uliofuata. Daraja likaja, malimbikizo nayo yakaja baadaye. Kwa hesabu ya shilingi sidai kitu, lakini sauti ile ya "halionekani" ninayo hadi leo.

Ndiyo maana simkubali Herzberg anapouweka mshahara upande wa maudhi na kutambuliwa upande wa furaha. Kwa mtumishi wa kijijini vitu hivyo vinafika ndani ya bahasha moja. Mei Mosi ya 2025, kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotangazwa kule Singida kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, tulikuwa tunasikiliza redio. Sisi hatuko kwenye kima cha chini, na mkubwa wetu kwa umri ofisini anakaribia kustaafu. Hata hivyo aliitikia kwa kichwa akasema, "Wametukumbuka." Hakusema atanunua nini.

Mwalimu mkuu wetu wa sasa hana fedha ya kumpa mtu. Bati ni lilelile, chaki tunahesabiana. Ila alipofika, kabla hajapanga ratiba, alituita mmoja mmoja akauliza: unapenda kufundisha nini, na darasa gani linakushinda? Katika miaka yangu 11 ya kazi ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Niliomba Kiswahili cha darasa la tatu, nikapewa, na sasa naamka mapema bila kusukumwa.

Fomu ya uhamisho niliyoijaza kabla hajaja bado iko chini ya vitabu, nimeiona leo nikitafuta rula. Sijaichana, wala sijaipeleka.

Ijumaa yeye hakuwepo, alikuwa kikaoni kata. Kesho baada ya mstarini nitampitia ofisini kwake nimuulize swali lile, maana sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.