Nilivyowapaka rangi maelfi wangu

Katika michezo ya vita ya mezani, inayochezwa kwa sanamu ndogo unazozipaka rangi mwenyewe, jeshi la mifupa inayotembea husamehe mkono mzito. Ukiwapitishia juu juu brashi yenye rangi kidogo iliyokaribia kukauka, mbavu zinadaka rangi zenyewe, nyufa zinabaki na giza, na kazi inaonekana imefanyika. Maelfi hawana huruma hiyo. Hawa viumbe wa hadithi za Ulaya, warefu, wembamba, wenye masikio yaliyochongoka, huchongwa wakiwa laini: majoho marefu, ngao bapa, nyuso za milimita chache tu. Kila doa linaonekana. Halafu desturi inataka wavae nyeupe.

Naishi Nottingham, mji wa Uingereza ambao ndio kitovu cha michezo hii. Kampuni ya Games Workshop, wenye mchezo wa Warhammer, iko hapa, na wenzao Mantic Games na Warlord Games vilevile. Warhammer ilianza mwaka 1983. Ile ya zamani, ya majeshi yanayojipanga safu kwa safu, ilisimamishwa 2015, ikarudi Januari 2024 kwa jina la The Old World. Iliporudi, watu walianza kuteremsha masanduku yao kutoka darini, wengine kuuza. Ndipo nilipopata maelfi wa sanduku la Island of Blood la 2010: walinzi wa bahari 10 wenye mikuki na pinde, wapiga panga 10, wapanda farasi watano, mchawi mmoja, na mwana wa mfalme aliyepanda mnyama nusu tai nusu simba. Walinzi wa bahari ndio walionivuta. Mimi mtu wa Tanga; jeshi lenye bandari na meli sihitaji kushawishiwa.

Aliyekuwa nao kabla yangu alikuwa amewapaka rangi nzito mpaka pua hazionekani. Dawa yake ni Dettol, hii hii ya nyumbani, bila kuichanganya na maji. Unawaloweka usiku kucha, unavaa glavu, unafungua dirisha, unasugua kwa mswaki mkuukuu. Suuza kwanza kwa Dettol nyingine. Maji yakigusa rangi iliyolegea kabla haijatoka yote, inageuka kinamo kinachonata kila mahali. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, waachie wenye sanamu za chuma, maana plastiki inayeyuka.

Sasa hiyo nyeupe. Rangi nyeupe ya akriliki ni korofi: ikiwa nzito inaacha chembechembe kama chaki, ikiwa nyepesi mno haifuniki kitu. Lakini tatizo kubwa kuliko rangi yenyewe ni jicho. Nilitundika kanzu yangu mlangoni, karibu na dirisha, nikaitazama kwa makini kama vile sijawahi kuiona. Weupe halisi ulikuwa mahali pachache sana, begani na juu ya mikunjo. Kwingine kote ni kijivu, tena kijivu chenye ubluu, na ndani ya mikunjo karibu na kwapa kuna giza kabisa. Basi nikapaka hivyo. Andakoti nyeusi kote, halafu kijivu cha kupuliza kutoka juu kwa upande, halafu nyeupe kidogo kutoka juu moja kwa moja, kama jua la adhuhuri linavyopiga. Hapo tayari mwanga na kivuli vimejipanga, na brashi inafuata ramani. Joho likapata kijivu cha bluu, juu yake tabaka nyembamba za nyeupe iliyofifia, nikiiacha mikunjo ilivyo. Nyeupe safi niliiweka mwisho, kwenye kingo tu.

Rangi nyembamba namna hiyo hukauka upesi mno, kwa hiyo nilitengeneza kibao cha unyevu cha kuchanganyia rangi: chombo cha plastiki chenye mfuniko, sponji iliyolowa maji, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi uliyochanganya jioni unaikuta bado mbichi asubuhi. Vya dukani vipo, ila sioni vinachozidi.

Picha za sandukuni zinaonyesha maelfi weupe wenye nywele za dhahabu. Uso mweupe, nywele za manjano, joho jeupe: ukisimama upande wa pili wa meza, vyote vinakuwa kitu kimoja. Nami jeshi nalitaka lisomeke kutoka hapo. Nikawapaka ngozi nyeusi, na mara moja nyuso zikajitokeza. Mtu mmoja mezani aliniuliza kama basi hawa ni wale Dark Elves waovu wa mchezo huu. Hao, kwa taarifa yake, wana ngozi nyeupe pe.

Ngozi nyeusi ina masharti yake. Unapotaka mwanga juu ya shavu, usiongeze nyeupe kwenye kahawia. Utapata rangi ya majivu, ngozi iliyopauka isiyojua mafuta. Ongeza rangi ya machungwa, au manjano ya udongo. Kivuli chake ni kahawia yenye tone la zambarau au bluu iliyoiva. Sikuwapaka wote sawa: wapo weusi ti, wapo maji ya kunde, na mmoja wa safu ya mbele ana mvi. Macho nimeweka mstari wa rangi ya krimu na nukta nyeusi, kwa wale tu ambao kofia ya chuma haiwafichi.

Nilipaka kwa makundi madogo, rangi moja kwa wote kabla ya kufungua kichupa kingine. Ngao nilizipaka pembeni, nikazigandisha mwishoni. Safu ya mbele nimeipa muda wake wote. Waliobanwa katikati, kila mmoja kwenye kitako chake, yaani kibao anachosimamia, cha milimita 25 kama The Old World inavyotaka, wamepata joho, uso na chuma basi. Vifungo vya mikanda yao hakuna atakayeviona. Wapo watakaosema huo ni uvivu. Mimi naona brashi ni yangu.

Bendera ndiyo niliyoifurahia zaidi. Ni kipande cha karatasi nilichokilowesha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, nikakikunja kikiwa kibichi ili kiwe na mawimbi, na kilipokauka nikachora duara la jicho, mfano wa yale macho yaliyo kwenye omo za majahazi ya Lamu. Watu wa bahari lazima waone wanakokwenda.

Mwana wa mfalme na mnyama wake bado wana andakoti tu. Nataka yule mnyama awe na rangi za furukombe: kichwa na kifua vyeupe, tumbo la hudhurungi, mabawa meusi. Mabawa sijayatia gundi, maana yakishaganda, brashi haipenyi tena mgongoni.