Siri Yenye Namba ya Simu

Juzi taarifa ya habari ilipoanza tena na ile michoro ya asilimia za kura za maoni, nani anaongoza na nani kashuka, binti yangu akauliza: "Mama, hawa walioulizwa ni akina nani? Mbona sisi hawajatuuliza?" Nilimjibu kwa kifupi. Usiku usingizi ukagoma, akanijia yule mama wa kibarazani.

Ni enzi zile za kuzunguka na madodoso. Mkufunzi wetu alipenda kisa cha mwaka 1936: jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48. Kumbe majina mengi yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye uwezo, tena wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Kwa hiyo wingi si hoja, alisema. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanatosha, makosa yatakuwa kama asilimia 3 juu au chini. Hesabu hiyo naiamini mpaka leo.

Kwa yule mama nilifika kwa utaratibu tu: ruka nyumba nne, ingia ya tano. Akanipa kigoda, akaendelea kukunja nguo. Umri, elimu, maji, barabara, yote aliyajibu bila shida. Tukafika kwenye lile lenyewe: uchaguzi ukifanyika leo, utampigia nani?

Mikono ikasimama. Akatupa jicho uani kwa jirani, ambako bendera ya chama ilikuwa inapepea juu ya mlingoti na watu wamekaa chini yake.

"Hawa wenzangu wamekujibuje?"

Nikamwambia, kama tulivyofundishwa, kwamba majibu ni siri. Akanyoosha kidole, akakiweka juu kabisa ya karatasi, pale nilipokuwa nimeandika namba yake ili msimamizi apige kuhakiki kama kweli nilifika.

"Siri gani hii, mwanangu, yenye namba yangu ya simu?"

Nikanyamaza. Akataja jina la mgombea wa ile bendera, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua. "Niandike huko." Halafu, akirudia nguo zake: "Ya sandukuni nitayajua mwenyewe."

Nikaweka alama. Baadaye matokeo yakasomwa kwenye studio yenye taa kali na muziki wa kama ndondi, wachambuzi wakigombania pointi chache. Mle ndani alikuwemo na yeye, kahesabiwa miongoni mwa wafuasi. Chini ya skrini waliandika kiwango cha makosa. Kiwango hicho hupima bahati ya kuchagua watu. Bendera ya jirani hakiipimi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sisemi kura za maoni zifutwe. Tukizifuta tutabaki na umati wa mikutano ya hadhara kuwa ndio kipimo, na umati husombwa kwa malori. Ila matokeo yakitangazwa mimi hutafuta mambo mawili: wangapi walikataa kujibu, na wangapi walijibu huku mtu mwingine akisikiliza. La kwanza, ukibahatika, utalikuta kurasa za mwisho za ripoti. La pili sijaliona popote.