Nkungwe kwa Nusu Mwendo

Watu wa Tabora ukiwaaga kwamba unakwenda kupanda mlima, wanauliza, "Kilimanjaro?" Ukiwajibu Kigoma, wanacheka. Kwao Kigoma ni mwisho wa reli, dagaa na mawese. Mlima umetokea wapi? Umetokea ziwani hasa. Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Mahale, kina mita 2,462, na Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Unaanza kupanda nywele hazijakauka maji ya ziwa, na karibu mita 1,700 zilizobaki zote ni za miguu yako, maana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale hakuna barabara wala gari.

Nilishuka kwenye treni mapema Oktoba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaosha moshi wa mapori yanayochomwa kiangazi, nikaenda mwaloni Kibirizi kutafuta boti la kusini. Ni boti la mbao, refu, injini nyuma, turubai juu. Mizigo ndiyo inayopata nafasi kwanza: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Binadamu mnajipanga juu yake. Nikabanwa kati ya mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa na mzee aliyevaa koti zito jua la saa tisa. Mbele yetu walikaa dada nesi wa Kasulu, yuko likizo, na mdogo wake, fundi wa sola.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unahama, kijana?" Alikuwa anaangalia begi langu.

Nikamwambia naenda Nkungwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuko wawili." Nesi akageuka: "Wanne, mzee wangu."

Yule mzee ni baharia mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alipita chini ya mlima ule akiwa melini, akautazama, akapita. Usiku kucha alitusimulia habari za meli kongwe, MV Liemba, ambayo kipindi hicho haikuwa inasafiri, ndiyo maana sote tulikuwa juu ya magunia. Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikasafiri baharini na kwenye reli hadi Kigoma ikaunganishwa tena. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaizamisha wenyewe adui asije akaichukua, lakini kabla ya hapo wakapaka mashine grisi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilikuwa bado zinafaa. "Grisi," mzee akasema, kana kwamba hadithi nzima ilikuwa ya grisi tu.

Mwezi haukuwepo, kwa hiyo wavuvi walikuwa kazini, na taa zao zilitanda ziwani mpaka usijue mji uko wapi. Mama wa dagaa akafungua kapu: ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Mimi ugali wa muhogo ulikuwa haujawahi kunikaa tumboni, nikala kwa heshima. Tonge la nne nililila kwa njaa. Yeye alishuka alfajiri kwenye kijiji fulani, akatuachia namba yake ya simu na furushi la dagaa. "Hao mtanilipa mkirudi. Msiporudi, basi tena."

Ya kijiji cha Lagosa na makao ya hifadhi yanasimulika haraka: karatasi, malipo, boti jingine dogo, mahema. Siku ya kuwatazama sokwe wa Mahale nayo ina utaratibu wake. Unavaa barakoa, maana mafua yetu yanaweza kuwaua, unakaa mbali nao, na saa moja ikiisha mnaondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe hawa tangu mwaka 1965, kwa hiyo mtu hawamshangai. Tuliona wawili wamekaa wakitazamana, kila mmoja kainua mkono mmoja juu, wameshikana viganja, na kwa mkono wa pili wanachambuana manyoya ya kwapa. Askari wa hifadhi akanong'ona kwamba wa Gombe, mkoa huohuo mmoja, hawafanyi hivyo. Nesi akasema kila nyumba na malezi yake.

Kesho yake tukaanza mlima. Mbele askari na bunduki, nyuma yake kijana Mtongwe wa kijiji cha jirani na panga, kisha sisi. Msitu wa chini ni mzito, mizizi inateleza, na njiani kulikuwa na makapi ya mabungo yaliyotafunwa na kutemwa. Kijana aliokota moja akanionyesha: nyuzi za njano zimebanwa pamoja, alama za meno ziko wazi, na mate bado ya moto. Kumbe sokwe wenyewe walikuwa juu ya vichwa vyetu dakika chache zilizopita. Hatua chache mbele tukakuta mlimao, pembeni yake mpera. Watongwe waliishi hapa kabla pori halijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, wakaondoka wakaacha miti yao. Sokwe hawakuwa wanayajua hayo matunda. Wamejifunza kuyala baadaye. Kijana alilisema hilo bila uchungu wowote niliouona, akachuma limao moja, akalitazama, akalitupa majanini.

Fundi wa sola alitoka mbio tangu chini, anapanda anatusubiri, anapanda anatusubiri. Mchana akabanwa na misuli ya mapaja, akaketi chini akilia kama mtoto aliyenyimwa mandazi. Dada yake akamkoroga maji na chumvi ya Uvinza, akamnywesha, akamkanda, huku anamsema. Hapo ndipo mzee akashika usukani. "Nusu mwendo," akasema, amri ya melini. Akatangulia, hatua fupi, hasimami na hakimbii, koti lake lilelile mwilini. Mimi begi liliponielemea na kuanza kuomba mapumziko, wakanigeukia: "Mnyamwezi gani wewe? Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo!" Sikuwa na jibu. Nikabeba.

Kambi ya juu iko karibu na mianzi, na baridi yake watu wa Kigoma hawaiamini ukiwasimulia. Tulijikunyata kwenye mafiga, sufuria ya dagaa inatokota, fundi katundika taa yake mtini, na mjadala ukawa Simba na Yanga. Askari alikuwa Yanga. Kwa kuwa bunduki ilikuwa yake, hatukumbishia sana.

Kipande cha mwisho ni nyasi na upepo mtupu. Kabla ya kileleni yule kijana alivua kofia, akatuambia wazee wao walikuwa wanapanda huku kwa matambiko. Mzee naye akavua yake. Magharibi ziwa lote liko chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Mashariki ni miyombo mpaka macho yachoke. Mzee alisimama muda mrefu akitafuta kitu majini, kisha akanyoosha kidole: "Pale. Njia yangu ilikuwa pale." Alipiga hesabu ya ni wapi alikuwa akisimama sitahani, na kutoka kule mlima ulionekana vipi. Nesi akampima mapigo ya moyo, akasema mazuri kuliko ya mdogo wake.

Kushuka kuliniumiza magoti kuliko kupanda kulivyoniumiza mapafu, na chini kwenye miyombo ndorobo walitushughulikia vilivyo.

Boti la kurudi Kibirizi lilimchukua pia mama wa dagaa, magunia yake yamejaa. Tukamlipa furushi lake. Fundi akatuunganisha kwenye kundi la WhatsApp, akaliita Nusu Mwendo, na mama akaomba aingizwe ingawa mlima hajaugusa. Sasa ndilo duka lake. Kila mwezi anatuma picha za dagaa waliokauka vizuri, mimi naagiza, mzigo unakuja kwa treni hadi Tabora. Ananiuzia bei ya rafiki, anasema. Mke wangu ameulizia sokoni, anasema bei ni ileile.