Vijipicha vilivyokatwa vichwa: mradi umefikia wapi

Mandhari mpya (theme) ya tovuti yangu ya WordPress imekaa vizuri, isipokuwa ukurasa wa mwanzo. Picha za watu zimekatwa kwenye nyusi. Shati lipo, mikono ipo, macho hamna.

Kwanza nilitaka kujua nani anakata, maana wakataji ni wawili: seva hukata faili lenyewe picha inapopakiwa, na CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa, huficha kingo wakati wa kuonyesha. Nikafungua kijipicha kimoja peke yake kwenye kichupo kipya. Jina linaishia na -400x300.jpg, na hata humo kichwa hakimo. Basi ni seva. Kingekuwemo, ningeanza kuichokonoa object-fit, kanuni ya CSS inayopanga picha ijaze vipi nafasi yake.

Kwenye functions.php, faili la msimbo wa mandhari, inaitwa add_image_size, agizo la kusajili ukubwa wa picha, kwa upana 400, urefu 300 na true. Hiyo true ndiyo inayoamuru kukata, na hukata kwa kubakiza sehemu ya katikati. Picha ya wima ya 800 kwa 1200 hupunguzwa hadi 400 kwa 600, kisha pikseli 150 zinatupwa juu na 150 chini. Kichwa kinakwenda na zile za juu. Ukiweka false hakuna kinachokatwa, lakini kadi, yaani visanduku vya picha, zinapishana urefu na ukurasa unakuwa vurugu tupu.

Nimeweka array( 'center', 'top' ) badala ya true, yaani bakiza katikati kwa upana na juu kwa urefu, ndani ya mandhari-mtoto (nyongeza inayokaa juu ya mandhari kuu, yaani mzazi) ili sasisho lisiifute. Hapa pana mtego: functions.php ya mtoto husomwa kabla ya ile ya mzazi, kwa hiyo kwa jina lilelile la ukubwa, agizo la mzazi ndilo linalobaki. Mzazi wangu anatumia after_setup_theme, hatua ambayo WordPress huendesha maagizo kwa kufuata namba za kipaumbele, kwa kipaumbele cha kawaida, 10. Mimi nimejipanga na 11, ili agizo langu lije baada ya lake.

Picha za zamani hazijirekebishi zenyewe, nikaendesha wp media regenerate, amri ya kutengeneza vijipicha upya. Mafaili yakabaki na majina yaleyale, kivinjari nacho kikang'ang'ania nakala zake za zamani hadi nilipofuta kache.

Nyuso sasa zinaonekana. Kiporo ni picha za wima zilizopigwa kwa mbali, zenye anga tele juu ya mtu: hizo sasa zinaonyesha mawingu na kipande cha nywele. Hakuna mpangilio mmoja utakaozifaa zote, kwa hiyo nitazipunguza anga kwa mkono, kisha nizipakie upya.