Kabla Mswada Haujatoka Lamu

Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza katika Ramadhani, baina ya daku na alfajiri, saa ambazo mitaa ya Mkomani hutulia kiasi cha kusikia kwato za punda mmoja kutoka mbali. Nilidhani kazi iliyobaki ni ya wiki mbili: kusahihisha tahajia, kupanga kurasa, kuandika barua na kutuma. Imechukua miezi mitano, na Jumatatu ijayo, inshallah, mswada unakwenda kwa mchapishaji. Nataka kueleza miezi hiyo ilikwenda wapi, kwa sababu nawajua wenzangu kadhaa hapa Lamu na Malindi ambao riwaya zao zimekwisha na zimelala ndani ya kompyuta, na ningependa wajue mapema kile ambacho mimi nilikijua kwa taabu.

Riwaya yenyewe inahusu familia ya wakataji wa mikoko. Nimekulia ndani ya nyumba ya mawe ambayo dari yake imebebwa na boriti, na tangu utotoni nilikuwa nikisikia kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa mti uliopatikana mikokoni. Biashara hiyo ina msamiati wake kamili. Mti mwembamba kuliko yote ni fito, ukizidi kidogo ni pau, kisha mazio, kisha boriti, halafu nguzo na vigingi, na hesabu yake ni kwa korja, ambayo ni miti 20. Wahusika wangu wanaishi ndani ya maneno hayo. Mtu akimwambia mwenzake kwamba amepeleka korja tatu za mazio, msomaji anapaswa kujua kwamba huyo amekata miti 60, na kwamba hakupata boriti alizoahidi.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Masimulizi yangu ni ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ilivyoamuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Watu wangu, hata hivyo, wanasema Kiamu, lahaja ya Lamu. Husema mato, ndia na mtele, pale ambapo msomaji wa Nakuru au Dodoma anatarajia macho, njia na mchele. Nilipokuwa nikiandika sikujali. Maneno yalikuja kwa namna yoyote yaliyokuja, mara nyingine kwa sura mbili ndani ya aya moja, na nilipousoma mswada wote kwa mara ya kwanza niliona kwamba msimulizi wangu hana makao: ukurasa mmoja yuko Lamu, ukurasa unaofuata yuko katika taarifa ya habari.

Niliamua kwamba masimulizi yote yawe sanifu na Kiamu kibaki katika vinywa vya wazee. Uamuzi huo naamini ulikuwa sahihi, lakini namna nilivyoutekeleza ilinigharimu sana. Programu ya kuandikia ina amri ya kutafuta neno na kulibadilisha kila mahali kwa mara moja, nami niliiagiza igeuze mato kuwa macho na ndia kuwa njia. Ilitii. Matope ya mikokoni yakawa machope, matone ya mvua yakawa machone, matokeo yakawa machokeo. Babu wa mhusika wangu, ambaye aliwahi kusafiri hadi India kwa jahazi, sasa alikuwa amefika Injia. Lililoniumiza zaidi ni kwamba amri hiyo iliingia hata ndani ya mazungumzo, kwa hiyo bibi wa hadithi, ambaye kwa kurasa zote alikuwa akisema mato, alianza kuzungumza kama mtangazaji wa redio. Nilikuwa nimekwisha kuhifadhi na kufunga, na nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kabla ya marekebisho mengi ya sura za mwisho. Kugeuza tena kinyume hakukuwezekana, kwa sababu macho halali yalikwisha kuchanganyika na macho ya kubandikwa.

Nilisoma mswada wote kwa jicho, mstari kwa mstari, kwa siku 19. Anayetaka kuepuka hayo na aiambie programu itafute neno zima peke yake, athibitishe kila badiliko moja moja, na kila jioni ahifadhi nakala mpya yenye tarehe ndani ya jina lake. Siku hizo 19 hata hivyo hazikupotea bure. Kwa kuwa nililazimika kusimama kwenye kila neno, niligundua kwamba kijana wa miaka 20 katika riwaya yangu anasema Kiamu kizito kuliko nyanya yake, jambo ambalo sijalisikia katika nyumba yoyote ya mji huu, na nikamrekebisha.

Baada ya hapo niliusoma mswada kwa sauti. Jioni, baada ya alasiri, bibi yangu huketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, akisuka ukili, na jirani yetu mmoja mzee, aliyekata mikoko katika ujana wake, huja kuzungumza naye. Niliwaomba ruhusa niwasomee sura moja kila siku. Bibi aliendelea kusuka, na nilijifunza kumtazama mikono: ukili ukisimama, mahali hapo pana kitu, ama kizuri ama kibaya. Mzee alikuwa akisikiliza kichwa kimeinama, hasemi neno, mpaka tulipofika sura ya tisa.

Katika sura hiyo mhusika wangu Athumani anatoroka usiku wa manane na dau la baba yake, limejaa miti, kutoka ndani kabisa ya kijito cha mikoko. Nilikuwa nimeandika kwamba nusu ya mwezi ilikuwa ikimulika maji, kwa sababu nilitaka mwanga kidogo wa kumwonyesha msomaji uso wake. Mzee aliinua mkono nikanyamaza.

“Mwanangu,” alisema, “mwezi wa nusu ni mai mafu. Dau hilo litatoka na nini?”

Alikuwa na haki kabisa. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na dau lenye mzigo lililo juu ya kijito hubaki juu ya matope likisubiri bamvua, yaani maji makuu. Mimi niliyezaliwa kisiwani niliandika jambo ambalo bahari hailiruhusu, na hakuna mhariri wa Nairobi ambaye angeliona. Nilifikiria kwanza kuuweka mwezi mpevu, kwa kuwa nao huleta bamvua, lakini mwanga wake ungemfichua Athumani kwa kila mtu. Mzee ndiye aliyenionyesha kwamba mwezi mwandamo huleta bamvua na giza kwa pamoja. Kisha akaongeza kwamba katika bamvua maji yetu hujaa karibu na saa kumi alfajiri, wala si usiku wa manane. Kwa hiyo sura nzima ilihama. Sasa Athumani anasubiri gizani kwa saa nyingi maji yakimpandia ubavuni mwa dau, na anajua kwamba adhana ya alfajiri itamkuta bado hajafika mdomo wa kijito. Kusubiri huko hakukuwamo katika mswada wa kwanza, na leo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mambo ya umbo ni mepesi, na hayastahili hofu niliyokuwa nayo. Herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili baina ya mistari, kurasa zenye nambari, kila sura ianze ukurasa mpya. Maneno yalifika 62,400 na kurasa 268. Nilipoona miongozo ya Kiingereza ikitaja maneno 80,000 nilikaribia kuongeza sura mbili, mpaka nilipokaa na kufikiri: hatukumwandikia ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni maneno sita. Kipimo cha lugha nyingine hakifai kupimia mswada wa Kiswahili, na naomba mwandishi yeyote asiirefushe hadithi yake kwa sababu hiyo.

Muhtasari ulinishinda mara nne, kwa kuwa niliuandika kama tangazo, nikiuficha mwisho. Mchapishaji anataka kujua hadithi inaishaje, na ni haki yake. Barua niliiandika kwa utaratibu tuliofundishwa shuleni, pamoja na KUH: na kichwa chake kwa herufi kubwa, ikaeleza kwa aya tatu riwaya inahusu nini, ina urefu gani na mimi ni nani. Majirani walinionya kwamba nitaibiwa kazi yangu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi tangu inapoandikwa, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo nimelala usingizi.

Linalonihuzunisha ni jingine. Mchapishaji wa kwanza niliyemwandikia kuulizia alijibu kwa adabu kwamba riwaya wanazozipokea ni zile zinazoweza kuingia darasani, na akauliza kama ningeweza kuipunguza lahaja. Naelewa kwamba biashara ya vitabu nchini hubebwa na shule. Hata hivyo, mwanafunzi anayeweza kufundishwa tenzi zilizotungwa Pate na Lamu, na zikamkomaza, hawezi kushindwa na bibi mmoja anayesema ndoo ule badala ya njoo ule. Nilimshukuru nikatafuta mwingine, na nimeweka pia nia ya kuushindanisha mswada katika tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa kampuni ya mabati na Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo imekuwa ikipokea miswada isiyochapishwa.

Sikuweka sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni. Nilijaribu, ikafika kurasa nne, nikaona kwamba kila neno nililolifafanua kule nyuma lilikuwa limenifanya niikwepe kazi yangu kule mbele, kwa hiyo nilirudi ndani ya sura na kuyafanya mazungumzo yenyewe yaonyeshe mazio ni mti wa namna gani.

Najua mhariri atakuja na kalamu yake, na ninamkaribisha. Nimeandaa karatasi moja iliyopigwa mstari katikati. Upande wa kushoto nimeandika yale niliyo tayari kuyaachia akiniomba, na ni mengi. Upande wa kulia yapo maneno 11 tu, na la kwanza ni mato, kila linapotoka kinywani mwa bibi.