Siku Moja Maishani Mwangu: Chumba cha Mavazi Nyuma ya Jukwaa la Dansi

Saa tatu asubuhi naingia katika ukumbi wa Amare, mjini The Hague, Uholanzi, kupitia mlango wa wafanyakazi. Wakenya wenzangu wakilisikia jina la mji huu hukumbuka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, lakini kwa watu wa dansi The Hague ni makao ya Nederlands Dans Theater, kundi lililoanzishwa mwaka 1959 na wachezaji waliojitenga na kundi la baleti walilokuwamo kwa sababu walitaka kucheza kazi mpya za wakati wao. Amare yenyewe ilifunguliwa mwaka 2021 katika uwanja wa Spuiplein. Mimi ni fundi wa mavazi: nilijifunza kushona Mombasa, na siku hizi huajiriwa hapa wakati wa tamasha la baleti na dansi ya kisasa ili kuyahudumia makundi yanayotoka nje. Kundi la leo limeleta kazi tatu za watunzi watatu wa dansi ambao wote wamewahi kulitungia Nederlands Dans Theater, nazo ni *Petite Mort* ya Jiří Kylián, *5 Tango's* ya Hans van Manen na *Solo Echo* ya Crystal Pite.

Kazi ya kwanza ni kuyakagua magauni ya Kylián. Mtunzi huyu, aliyezaliwa Prague mwaka 1947 na kuliongoza kundi la hapa kwa zaidi ya miaka 20, alitunga *Petite Mort* kwa ajili ya tamasha la Salzburg mwaka 1991, miaka 200 baada ya kifo cha Mozart, akitumia sehemu za polepole za konserto mbili (tungo za piano na okestra) za mtunzi huyo wa muziki. Wanacheza wanaume sita, wanawake sita na panga sita nyembamba za mchezo wa kushindana kwa upanga. Magauni yake meusi, makubwa, ya mtindo wa kale wa Ulaya, hayavaliwi mwilini kama nguo nyingine. Yamesimama yenyewe juu ya magurudumu, na mwanamke husimama nyuma ya gauni akateleza nalo jukwaani, kisha akatoka na kuliacha limesimama peke yake. Kwa hiyo asubuhi yangu huanza sakafuni, nikiwa nimepiga magoti na tochi, nikitafuta nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye magurudumu. Gurudumu moja likikwama, gauni litatikisika, na watazamaji wataona mbao na vitambaa badala ya kuona kile alichokusudia Kylián: fahari ya nje inayojiendea, na mwili wa binadamu uliobaki nyuma yake ukiwa karibu uchi.

Hilo ndilo linalonifanya niipende kazi hii kuliko nyingine zote nilizowahi kuzifanyia huduma. Kuna watu husema kwamba dansi isiyo na hadithi haisemi lolote. Ningependa waje wakae nami hapa saa moja tu. Mtunzi wa dansi anayejua anachokitaka hutoa amri kwa kitambaa kama anavyotoa kwa mguu, na anayeshika sindano huipata amri hiyo kabla hajaona hatua hata moja.

Saa tano naanza kupiga pasi. Kwa van Manen kazi ni ya haraka, kwa maana hakupenda mapambo. Waholanzi humlinganisha na mchoraji Mondrian kwa jinsi alivyoondoa kila kisichohitajika. *5 Tango's*, aliyoitunga mwaka 1977 kwa muziki wa Astor Piazzolla wa Argentina, ina rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na mavazi yaliyobuniwa na Jean-Paul Vroom. Ugumu wake uko kwenye mshono. Wanawake wanasimama kwenye ncha za viatu vya baleti na kunyanyua mguu kwa ukali wa dansi ya tango, hivyo sketi inapaswa kufunguka upesi na kurudi mahali pake kabla ya pigo linalofuata. Ikiwa nzito, inachelewa. Ikiwa nyepesi mno, inapeperuka na kuonekana ya sherehe, ilhali van Manen alitaka mwanamume na mwanamke watazamane wakiwa sawa kwa nguvu, pasipo mmoja kuwa pambo la mwenzake.

Baada ya chakula cha mchana, saa nane hivi, wachezaji wanakuja kujaribisha nguo. Ndani ya kila vazi kuna utepe mdogo wenye jina la anayelivaa sasa, na chini yake majina ya waliolivaa kabla yake, kwa sababu nguo za kundi hukaa miaka mingi na hupita kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana nyuma ya kila koseti (vazi la kubana kiwiliwili) ya *Petite Mort* kuna safu mbili za vishikizo, moja kwa mgongo mwembamba na nyingine kwa mgongo mpana. Leo kijana mmoja kutoka Lubumbashi anaingia kwa mara ya kwanza katika nafasi ya mchezaji aliyeumia kifundo cha mguu. Aliponisikia nikizungumza kwa simu na mama yangu alifurahi mno, na tangu hapo hanisemeshi kwa lugha nyingine.

"Dada, huu upanga leo haunitii," ananiambia huku nikimpimia kiuno.

Namuuliza kama ameshaujaribu akiwa amevaa vazi la jukwaani, si suruali yake ya kawaida ya mazoezi. Anatikisa kichwa. Tunamvalisha, anarudi kwenye ukumbi wa mazoezi, na msimamizi anayewafundisha hatua anamrudisha mwanzo mara kadhaa. Katika sehemu hiyo ya kwanza wanaume hucheza na upanga kabla ya kucheza na mwanamke, na chuma hicho, kinapopindwa hadi kikawa upinde, kina ubishi wake. Yeyote anayeushika kwa pupa utamruka. Kylián aliujua ukweli huo na akaujengea dansi nzima, kwa kuwa mkono uliojifunza kuwa mwangalifu kwa chuma ndio utakaomgusa mwenzake baadaye.

Saa kumi ni mazoezi ya jukwaani pamoja na taa, na mimi nakaa pembeni na daftari nikiandika kila mshono unaovuta. Saa kumi na mbili jioni wachezaji wanapumzika. Mimi na mwenzangu tunakinyoosha kwa mvuke kile kitambaa kikubwa ambacho wanaume wa *Petite Mort* hukivuta mbio kikafunika jukwaa, na kinapoondoka wanawake wanakuwa wameshafika.

Saa mbili na robo usiku pazia linafunguka. Kijana wa Lubumbashi anaupinda upanga wake bila kutetereka, na magauni yanateleza pasipo sauti. Mapumziko yakifika nina dakika chache za kukusanya koseti zilizolowa jasho na kuzitundika kwenye hewa. Hizi hazifuliwi kila siku, bali hupuliziwa spiriti kwa ndani ili kuondoa harufu, kisha hukaushwa. Katikati ya tango la nne sketi moja inachanika ukingoni, ikiwa imekanyagwa na kisigino cha mwenzake, na mvaaji anamaliza ngoma bila kuyashusha macho yake hata mara moja. Van Manen angeridhika.

*Solo Echo* ndiyo ya mwisho, na kuna sababu ya kikazi: theluji ya karatasi huanguka jukwaani, na baada yake hakuna kinachoweza kuchezwa mpaka sakafu ifagiliwe. Pite, Mkanada aliyewahi kucheza katika kundi la William Forsythe mjini Frankfurt, aliitunga mwaka 2012 kwa sonata (tungo za muziki) za Brahms za chelo, fidla kubwa, na piano, akiongozwa na shairi la Mark Strand kuhusu majira ya baridi. Wachezaji saba, wanawake kwa wanaume, wanavaa mavazi ya giza yanayofanana, hata jicho halishughuliki na nani ni nani, bali linafuata uzito unavyopokelewa na kupitishwa, wakishikana, wakivutana, wakimwinua anayeanguka. Mavazi hayo Pite aliyabuni pamoja na Joke Visser, yule yule aliyebuni koseti za *Petite Mort* miaka 21 kabla yake. Kila ninapoyahudumia mavazi ya kazi zote mbili usiku mmoja naona mkono huo mmoja ukiwatumikia watunzi wawili wasiofanana: kwa Kylián umeubana mwili ili uonekane, kwa Pite umeufunika ili uungane na wengine.

Saa tano usiku mafundi wanafagia theluji. Nakung'uta vipande vya karatasi kutoka kwenye mifuko na mikunjo ya suruali, maana kimoja kikiingia mashineni hugandia kila nguo, kisha nawasha mzunguko wa maji baridi. Sketi iliyochanika naiweka juu ya cherehani na uzi mwekundu kando yake. Onyesho la kesho ni la mchana, hivyo nitaanza nayo saa mbili, kabla ya magurudumu.