Usitie dole siku ya khitma

Wakala wa meli ya marehemu kakangu alifika kwetu Likoni siku ya tatu baada ya maziko, khitma ndiyo kwanza imemalizika, masinia bado yako barazani. Akavua viatu, akatoa pole, akampa mama bahasha na karatasi mbili za Kiingereza. "Tia dole hapa tu, mama. Ni risiti ya ubani."

Nikazichukua nikasoma. Mstari wa mwisho ulisema familia imepokea haki zake zote na haitadai tena. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 80,000. Kakangu alikuwa baharia miaka 11. Alishuka ngamani, chini ndani ya meli, kumtoa mwenzake aliyezimia, hewa imeliwa na kutu, wakafa wote wawili.

Nilimrudishia karatasi zake. Wifi yangu alikuwa edani, kwa hivyo kuhangaika kote kukawa kwangu.

Kilichotusaidia ni picha ya simu. Mpishi wa meli alitupigia picha ya cheti cha bima kilichobandikwa kwenye ubao karibu na chumba cha kulia, jina la kampuni ya bima linasomeka vizuri. Cheti hicho ni lazima chini ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, MLC, ambao Kenya iliuridhia 2014. Tangu Januari 2017, familia yaweza kudai kwa mwenye bima moja kwa moja, wala hairuhusiwi kushinikizwa ipokee pungufu ya kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi za ajira. Nilimsomea wakala maneno hayo kwa simu. Akanyamaza, akasema atanipigia. Hakupiga. Tulilipwa baada ya miezi 14, na bima, si yeye.

Jirani yetu mumewe aliangukiwa na mzigo gatini akafa. Huyo ni mfanyakazi wa nchi kavu, sheria yake ni WIBA ya 2007, ya fidia kwa walioumia au kufa kazini: mwajiri aripoti kifo ndani ya saa 24, madai yafike kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12, na fidia ni mapato ya miezi 96. Jirani alikimbilia mahakamani kwanza, akapoteza muda. Mahakama ya Juu ilishaamua 2019 kwamba mlango wa kwanza ni wa Mkurugenzi.

Wavuvi MLC haiwahusu. Hilo linaniuma sana, maana hapa kwetu wapo wengi.

Ukipata habari ya msiba, kabla hata ya kutafuta wakili, wapigie mabaharia wenzake. Waombe picha ya ule ubao meli ingali bandarini.